Friji ya Soda na Milingoti ya Neema

Tangu nistaafu sijapumzika hata wiki moja. Ninyi vijana niliowaacha dukani mnanipigia simu nikiwa sokoni, nikiwa kanisani, hata juzi nilipokuwa nimeinama napalilia maharage, na swali lenu ni lile lile: "Mama, mteja anauliza kama sola inalipa, tumjibu nini?" Nimeamua kuliandika jibu mara moja mlisome, mniache na maharage yangu. Nawaonya kwamba ni refu. Fundi anayelijibu swali hilo kwa neno moja ujue ana kitu anataka kukuuzia. Tena ndani yake yumo mama mmoja wa Mufindi, ambaye shamba la miti la mwanawe lilisimama au kuanguka kwa kutegemea jibu langu. Nitafika kwake, lakini mnivumilie nianzie nilikoanzia.

Nilianzia Mwanjelwa, Mbeya mjini, katika duka la Bwana Athumani. Alikuwa fundi redio kabla ya kuwa fundi sola. Babu zake walipanda kutoka pwani kuja kufanya biashara, wakakutana na baridi yetu, wakanunua makoti, wakabaki. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa, lakini aliilalamikia baridi kila asubuhi kama mtu aliyeshuka kwenye basi jana yake. Aliniajiri kwa sababu nilikuwa najua kuchomelea nyaya za redio, kazi niliyoiba kwa macho kutoka kwa kaka yangu. Siku ya kwanza alinikabidhi mita ya kupimia umeme, bisibisi na dira, akasema: "Binti, ukipoteza bisibisi nitakununulia nyingine. Ukipoteza dira, usirudi."

Nilidhani ananitania. Baadaye ndipo nikaelewa. Vijitabu vilivyokuja na paneli za zamani viliandikwa na watu wa nchi za mbali huko kaskazini mwa dunia, na vilisema paneli itazame kusini. Kwao ni sawa. Kwetu sisi jua sehemu kubwa ya mwaka hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo fundi aliyetii kitabu alikuwa analigeuzia jua mgongo. Tulizunguka nyumba nyingi kugeuza paneli za mafundi watiifu. Bwana Athumani hakuwahi kuwacheka mbele ya wateja. Aliwacheka njiani, na alicheka mpaka tulipofika dukani.

Nyumba ya kwanza niliyopanda paa ilikuwa ya mchungaji mmoja nje ya mji. Bwana Athumani alikuwa na homa, nikatumwa peke yangu. Mchungaji alinipokea vizuri, akaangalia nyuma yangu, akaangalia barabarani, akauliza: "Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi, baba mchungaji."

"Aa, sawa sawa. Na yule mwenyewe atakuja saa ngapi?"

Nilikuwa nimevaa suruali chini ya khanga. Nikaikunja khanga nikaiweka juu ya kikapu, nikapanda. Mke wa mchungaji alileta kiti uani ili atazame vizuri, na majirani zake wakaja na viti vyao. Nilifunga paneli ile mbele ya umati ambao mhubiri yeyote angeutamani. Taa zilipowaka mchungaji aliomba sala ndefu ya shukrani, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mikono ya Bwana Athumani, aliyekuwa kitandani Mwanjelwa amejifunika mablanketi mawili. Mimi niliitikia "Amina" pamoja na wengine, nikakusanya vifaa vyangu.

Mwalimu wangu alikuwa na desturi moja ambayo nataka mwichukue kama mlivyochukua funguo za stoo. Hakuwa akimtajia mteja bei kabla ya kufika nyumbani kwake, na akifika, baada ya salamu, alimwambia mwenye nyumba: "Niitie anayepika." Wanaume walishangaa, wengine walikasirika. Lakini mwanamume ukimwuliza anataka umeme wa nini atakutajia televisheni, muziki mkubwa na taa ya nje inayoonekana mpaka kijiji cha pili. Anayepika anajua ni chumba gani kinawashwa taa kwanza, ni mtoto gani anasoma, na kibatari kinawekwa wapi wakati wa kusonga ugali. Ukishajua hayo ndiyo unajua ukubwa wa seti. Wengi wanaosema sola haikuwalipa walinunua seti ya sebuleni, na giza lao lilikuwa jikoni.

Swali la wateja nalo lilikuwa moja, kuanzia Tukuyu mpaka Makambako. Unamweleza mtu habari za paneli, betri, waya na dhamana, anatikisa kichwa kwa heshima, ukimaliza anauliza: "Sasa hii inapiga pasi?" Sijui nani aliwaambia watu wa nyanda hizi kwamba umeme ni pasi. Niliwajibu, na ninyi wajibuni hivyo hivyo: kitu kinachopasha moto kinakula umeme kama mfiwa aliyefunga tangu jana, na kitu kinachoangaza au kuongea kinaonja tu. Taa, simu, redio, televisheni ndogo, lete. Pasi, jiko na heta ya maji, mwachie mkaa, au ujiandae kununua seti kubwa kuliko nyumba. Wapo walioondoka kwa hasira. Nafuu mteja akukasirikie dukani kuliko akukasirikie akiwa nyumbani kwake gizani.

Jambo lingine lililowachanganya watu ni neno lenyewe, jua. Kwa sisi wa milimani jua ni joto. Mtu wa Makete au Mufindi alikuwa akinijia akiwa amejikunyata na kusema, "Kwetu sola haiwezekani, ni baridi mno," na mtu wa Chunya anatembea kifua mbele kana kwamba anamiliki kiwanda cha umeme. Ukweli ni kwamba paneli inataka mwanga, na baridi inaipenda. Adui yake ni ukungu. Sasa utaujuaje ukungu wa kijiji ambacho hujawahi kukaa? Mimi nilikuwa nawauliza akina mama: sare za shule mkifua Jumamosi wakati wa kipupwe, Jumatatu zimekauka? Zikikauka, paneli itashiba. Zikivaliwa mbichi, ongeza paneli au punguza tamaa. Bwana Athumani alinicheka nilipoanza kukagua kamba za nguo za watu. Baada ya muda nilimkuta kule Mbalizi anabonyeza suruali ya mteja iliyoanikwa, uso ukiwa makini kabisa.

Chunya kwenyewe jua liko tele, na vumbi liko tele zaidi. Nilitumwa kwa mchimbaji mdogo wa dhahabu aliyekuwa amebahatika, akajenga nyumba ya bati la rangi, akanunua paneli kubwa mwenyewe na kulalamika kwamba ni mbovu. Nilipofika niliikuta imefungwa ukutani, imesimama wima, inatazama barabara.

"Bosi, hii tuipandishe juu ya paa, itazame kule," nikamwambia, nikionyesha kaskazini.

"Kule kuna nani, mama? Kule ni kichaka. Watu wanapita huku."

"Jua nalo linapita kule."

"Mimi sijajenga kwa ajili ya jua."

Tulivutana mpaka mkewe akaleta chai. Mwishowe tulipatana hivi: gari letu lilikuwa na paneli moja kuukuu iliyokufa, tuliyoing'oa mahali pengine. Hiyo nikaifunga ukutani kuangalia barabara, nikaisugua mpaka ikang'aa, na ile nzima nikaipandisha juu inapotakiwa. Bosi alifurahi sana. Nilimfundisha mkewe kuifuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, asubuhi, kabla haijapata moto. Haukupita muda mrefu wezi wakaja. Waliiba ya ukutani. Nasikia bosi yule alikuwa akisimulia habari hiyo kila anapokunywa, na siku zote yeye ndiye aliyebuni mtego.

Macho ya Bwana Athumani yalipoanza kuchoka alifunga duka, akanipa dira yake akakataa kushukuriwa. Nikahamia Iringa, katika hili duka letu, na kutoka hapo nilizunguka mkoa wote mpaka nikajua kila mama lishe wa njiani. Sasa tumefika Mufindi.

Ilikuwa kijiji kimoja ndani ya milima, njia ya kwenda Mgololo, ambako malori ya magogo yanapita kwenda kiwanda cha karatasi na barabara inakuwa uji mvua zikinyesha. Mteja aliitwa Baba Neema, kinyozi mwenye kibanda cha soda na biskuti pembeni ya saluni yake. Alikuwa amekwenda Dar kumzika ndugu, akaona duka lenye friji inayoendeshwa kwa sola, akarudi si mtu yule. Alikuja mwenyewe dukani Iringa na kumweleza meneja wetu anataka seti ya friji, televisheni, mashine ya kunyolea na, bila shaka, pasi. Meneja alifurahi kuliko siku ya harusi yake. Nikatumwa nikapime.

Tulifika asubuhi, ukungu umekaa chini kiasi kwamba dereva aliliona banda la saluni akiwa karibu kuligonga. Nje kulikuwa na mwanamume amekaa juu ya gogo, ameweka chenso yake, ule msumeno wa mota, kati ya miguu.

"Kamwene, fundi!" Baba Neema alinipokea kwa mikono miwili.

"Kamwene, baba. Habari za hapa?"

"Nzuri, tunakusubiri wewe tu. Huyu ndugu ametoka Mafinga, ananunua mirunda. Ukisema hii kitu inalipa, saa hii hii tunaingia shambani, anaangusha, ananipa pesa, mimi nakupa wewe. Leo leo."

Mirunda mnaijua: miti myembamba ya kushikilia zege ghorofa linapojengwa. Nyuma ya nyumba, kwenye mteremko, niliona shamba la milingoti, mikaratusi yetu, limesimama kwenye ukungu, michanga, mirefu, iliyonyooka kama watoto wa shule kwenye paredi. Mama Neema alikuwa kwenye mlango wa jiko, amejifunga kitenge mpaka kidevuni, macho yake kwenye ile chenso.

Nikasema kama nilivyofundishwa: "Baba Neema, niitie anayepika."

Jikoni kulikuwa na moto mzuri, na juu ya moto, kwenye kamba, sare za shule zilikuwa zimeanikwa kwenye moshi. Nilijua hata kabla ya kuuliza. Nikazishika, zilikuwa mbichi.

"Umefua lini, dada?"

"Jumamosi. Huku kwetu wakati huu zinakauka zikiwa mwilini." Akacheka kidogo, halafu akaacha. Alichungulia nje, akasogea karibu nami. "Fundi, naomba nikuambie. Ile miti ni ya Neema. Tuliipanda nikiwa namnyonyesha, mimi na mama mkwe, mpaka tukatoka malengelenge. Tulisema ikikomaa iuzwe nguzo za umeme, Neema asome mpaka mwisho. Sasa ikikatwa leo ni mirunda. Mirunda haisomeshi mtu."

"Baba yake umemwambia?"

"Nimemwambia. Anasema friji ndiyo itamsomesha. Ameshawatangazia watu kilabuni, pale wanapokunywa ulanzi, eti soda baridi inakuja kijijini. Akirudi nyuma watamcheka mpaka kiama." Alinitazama usoni. "Wewe ukisema inalipa, basi. Mimi sina neno tena."

Nitawaambia nilichokisikia mwilini: woga. Nimepanda mapaa yenye nyuki, nimeng'atwa na mbwa wa padri, lakini sijawahi kuogopa kama jikoni mle. Nilishapiga hesabu kichwani. Kwa ukungu ule, friji ingetaka paneli mara mbili ya zile alizoahidiwa na meneja, pamoja na betri za kujaza kitanda, na bado ingezimika kipupwe chote. Jibu nilikuwa nalo. Kilichonishinda ni namna ya kulitoa. Ningelisema wazi mbele ya mnunuzi, Baba Neema angeaibika, na mwanamume aliyeaibishwa mbele ya mgeni hukata miti hata kama hataki friji tena.

Nikatoka nje, nikaenda kibandani. Nilikuwa na kiu kweli.

"Baba Neema, niuzie soda."

"Karibu, fundi! Baridi au moto?" Yalimtoka kwa mazoea ya Dar, kisha akajipiga paji la uso. "Aa, baridi bado, mpaka unifungie friji. Chukua ya moto."

Mnajua tunavyosema: soda isiyotoka kwenye friji ndiyo ya moto. Nikaifungua soda yangu ya moto, iliyolala kibandani usiku mzima wa Mufindi, nikapiga funda kubwa. Meno yakaniuma mpaka masikioni. Nililazimika kushika shavu. Sikuigiza, Mungu ni shahidi yangu.

"Baba Neema," nikasema nilipoweza, "hii ndiyo ya moto?"

"Ndiyo ya moto."

"Sasa ya baridi itakuwaje?"

Mnunuzi wa mirunda akaanza kutikisika mabega. Dereva wetu akageukia gari. Na mimi, kwa upole kabisa, nikauliza: "Mteja wako wa mwisho alitaka soda ya namna gani?"

Mama Neema ndiye aliyejibu kutoka mlangoni. "Alimwomba aiweke kwanza karibu na moto."

Basi. Mnunuzi aliinama juu ya chenso yake akacheka mpaka machozi. Mama Neema alijiziba uso kwa kitenge. Hata Baba Neema alianza kucheka kabla hajakumbuka kwamba anayechekwa ni yeye, na alipokumbuka akainamisha kichwa, akaanza kupanga biskuti zake ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Kicheko kikaisha vibaya. Niliona shingo yake imekakamaa, nikajua bado hatujavuka.

"Nimeshawaambia watu, fundi," akasema polepole, bila kuinua macho. "Mimi ni mtu mzima. Nitawaambia nini?"

Nilimwomba anionyeshe saluni. Ndani kulikuwa na kiti, kioo na mashine ya kunyolea, na nje jenereta ya petroli inayonguruma kuliko lori la magogo. Nikamwuliza petroli anapata wapi. Mafinga, kwa bodaboda. Na ikiisha katikati ya kazi? Akakuna kichwa. "Kuna mzee mmoja nilimnyoa upande mmoja, ikakata. Alirudi nyumbani hivyo hivyo na kofia mpaka nilipoleta petroli. Mpaka leo anaenda kunyolewa kijiji kingine."

"Huyo mzee ndiye friji yako," nikamwambia. "Mashine ya kunyolea inaonja tu. Hata ukungu huu utailisha. Nitakufungia seti ndogo: mashine, taa ya saluni, taa ya jikoni, taa ya watoto, na pa kuchaji simu za kijiji kizima. Utakuwa unanyoa mpaka jioni giza limeingia, watu wakitoka kwenye chai na mbao. Kwenye ulanzi hawataizungumzia friji. Watazungumzia saluni yenye taa. Uza jenereta, na hela yake unanunua seti hii."

"Na pasi?"

"Pasi utabaki na mkaa, kama mimi na kama meneja wangu."

Alikaa kwenye kiti cha wateja wake akajitazama kwenye kioo. Mimi nikaangalia nyaya zisizohitaji kuangaliwa. Kisha akasimama, akatoka, akamwambia mnunuzi: "Ndugu yangu, friji tumeitoa."

"Na miti?" Mama Neema aliuliza. Alikuwa amesogea mpaka katikati ya uwanja, kitenge kimemtoka mabegani wala hakukiokota.

Baba Neema aliutazama ule mteremko. "Miti ibaki. Ni ya mtoto."

Mama Neema aligeuka akaingia jikoni haraka, na tulisikia sufuria zikigongana humo ndani kuliko inavyohitajika. Mnunuzi hakukasirika. Alisema chenso yake imepata mapumziko, akanunua soda, akaenda nayo karibu na moto.

Meneja hakucheka. "Nimekutuma seti ya friji, umenirudia na kamashine ka kunyolea," alisema, na kwa muda mrefu salamu zake kwangu zilikuwa za mkato. Sitawadanganya kwamba alinisamehe siku fulani mvua ikinyesha. Ila ukweli ni kwamba kutoka kile kijiji watu walianza kuja mmoja mmoja, na kila mmoja alisema ametumwa na kinyozi. Walitaka seti ndogo, wakalipa, wakatuma wengine. Kazi ya sola ndivyo ilivyo: inayofanya kazi inakuletea jirani, na isiyofanya kazi inakuletea jirani pia, akiwa na panga.

Tangu wakati huo mambo yamebadilika, na ninyi mmeyakuta mazuri. Zamani tulibeba maji ya betri kwenye madumu, na nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka watu wasijaze maji ya kisima. Wengine walizifunika betri mablanketi zisipate baridi, tena blanketi la mgeni, lile zuri. Siku hizi betri zenu ni nyepesi, zinadumu, na paneli zimekuwa bei ya mbuzi badala ya ng'ombe. Lakini maswali ni yale yale. Sasa hivi mteja analilipia giza lake kwa kitu gani: mafuta ya taa, mishumaa, petroli, nauli ya kwenda kuchaji simu? Nguzo iko umbali gani, na anayesema inakuja ni nani? Betri ikifa, na itakufa, ana cha kuibadilisha? Kama ana nguzo mlangoni na umeme haukatiki, mwambieni abaki na hela yake. Mimi mwenyewe kwangu, mtaa wa Soweto, nina umeme wa nguzo, na sola yangu ni ndogo ya kuvukia siku za kukatika. Mume wangu husema nimeuzia mkoa mzima nikajisahau mwenyewe. Namjibu kwamba nilimwita anayepika nikamwuliza, akasema inatosha.

Mwezi uliopita, kwa kuwa sasa nina muda na ninyi hamjaumaliza wote, nilipanda basi kwenda Mafinga, nikachukua bodaboda mpaka kwa Baba Neema. Umeme wa nguzo umefika kijijini kwao. Nilidhani nitakuta sola yangu imetupwa nyuma ya choo, nami nilikuwa nimejiandaa nisijisikie vibaya. Ipo juu ya paa. Baba Neema, mwenye mvi sasa, aliniambia mvua zikipiga umeme wa nguzo unakata, na siku hizo kijiji kizima kinakuja kwake kunyolewa na kuchaji. "Hapo ndipo bei inapanda," akasema, akanikonyeza.

Mama Neema alinishika mkono akanipeleka barabarani. Shamba la mteremkoni halipo, limekatwa lote, na visiki vimeanza kuchipua. Tulitembea mpaka kwenye nguzo iliyo mbele ya nyumba, nyeusi kwa dawa, akaipiga kwa kiganja kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mgongoni.

"Hii ni ya kwetu."

"Utaijuaje, dada? Zote zinafanana."

"Yule aliyenunua alisema zinaenda kutiwa dawa, zirudi huku huku kusimamishwa. Na mimi nimezipalilia tangu zikiwa na urefu wa kidole. Unafikiri sizijui?" Aliinua macho mpaka juu, kwenye waya. "Ungesema inalipa siku ile, zingeshikilia zege la ghorofa la mtu, wakimaliza wazichome kupikia. Neema yuko chuo cha uuguzi, fundi. Anamaliza. Jana amenipigia, anasema amemshika mtoto akizaliwa, kwa mikono yake."

Nililia. Sikulia kidogo, nililia nimeegemea nguzo yenye dawa mpaka khanga ikashika weusi ambao haujatoka hadi leo. Kijana wa bodaboda aliyenileta akazima pikipiki, akasogea kwa adabu, akauliza: "Mama vipi, amefiwa?"

"Hajafiwa, baba," Mama Neema akamjibu, mkono wake ukiwa bado juu ya nguzo. "Anaangalia ada ya mwanangu."